Maswali ya wasomaji: Peugeot ni ya nani leo?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinazunguka jambo moja: ukoo wa Peugeot wa Ufaransa, na kampuni yenye jina lao ilivyopanda, ikaanguka, ikasimama tena. Zinazofanana tumeziunganisha.

Fundi wangu anadai Peugeot siku hizi ni ya Waitaliano. Mimi nasema bado ni ya ukoo wa Peugeot. Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

Fundi wako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa naye amekata kona. Peugeot ni chapa moja kati ya 14 zilizoingia katika Stellantis, kampuni iliyozaliwa tarehe 16 Januari 2021 pale PSA ya Ufaransa, iliyokuwa ikiunda Peugeot na Citroën, ilipoungana na Fiat Chrysler. Kisheria Stellantis ni kampuni ya Uholanzi. Ilipoanza, mwanahisa mkubwa alikuwa Exor, kampuni ya ukoo wa Agnelli wa Turin, Italia, kwa asilimia 14.4. Akina Peugeot walifuata kwa 7.2, serikali ya Ufaransa kupitia Bpifrance 6.2, na Dongfeng, kampuni ya magari ya China, 5.6. Mwenyekiti ni John Elkann, mjukuu wa Gianni Agnelli.

Hata hiyo 7.2 haiko yote mifukoni mwa ukoo, na hapa inafaa kushika kalamu. Hisa zimewekwa katika kampuni inayoitwa Peugeot 1810. Asilimia 76.5 ya Peugeot 1810 ni ya Peugeot Invest, ambayo inauzwa katika soko la hisa la Paris na yeyote anaweza kuinunua. Asilimia 23.5 ni ya Établissements Peugeot Frères, ambayo ni ya wanaukoo peke yao. Kisha hiyo Établissements ndiyo inayomiliki takriban asilimia 80 ya Peugeot Invest. Basi:

7.2 × 0.765 = 5.5, kisha 5.5 × 0.80 = 4.4.
7.2 × 0.235 = 1.7.
Jumla 6.1.

Kwa hiyo katika kila euro 100 ya thamani ya Stellantis, ukoo mzima kwa matawi yake yote ulikuwa na euro 6 na senti chache. Tangu hapo Stellantis imenunua na kufuta baadhi ya hisa zake, kwa hiyo asilimia zimesogea kidogo, lakini njia ya hesabu haibadiliki.

Nimesoma kwamba kabla ya 2014 ukoo ulikuwa na robo tu ya hisa za PSA lakini karibu asilimia 40 ya kura. Inawezekanaje? Na kama walikuwa na nguvu hivyo, waliipotezaje? (Msomaji, Mombasa)

Tuanze na kura. Nchini Ufaransa kampuni inaweza kumpa kura mbili kwa kila hisa mwanahisa aliyeziandikisha kwa jina lake na kukaa nazo muda uliowekwa. Chukua kampuni yenye hisa 100. Ukoo una 25 za muda mrefu, umma una 75 zinazonunuliwa na kuuzwa kila siku. Za ukoo zinazaa kura 50, za umma kura 75, jumla 125. Hamsini kwa 125 ni asilimia 40. Akina Peugeot walikuwa na asilimia 25.4 ya hisa na 38.1 ya kura. Haikufika 40 kwa sababu wapo wanahisa wengine waliokaa muda mrefu wakapata kura mbili pia.

Ubaya wa mpango huo unaonekana siku kampuni inapohitaji mtaji mpya. Hisa mpya zikitolewa, ama ukoo uchangie kwa kiwango chake, ama fungu lake lipungue. Ukoo usio na fedha taslimu za kutosha huwa unaahirisha uamuzi huo mpaka maji yafike shingoni, na PSA ndivyo ilivyokuwa.

Yalikutana mambo kadhaa. PSA iliuza magari madogo, tena kwa wingi kusini mwa Ulaya, na baada ya msukosuko wa madeni ndiko wateja walikokauka kwanza. Kiwanda cha magari kina gharama ambazo hazipungui hata kikitoa nusu ya uwezo wake, kwa hiyo kila gari lililokosa mnunuzi lilipandisha gharama ya lile lililouzwa. Mwanzoni mwa 2012 vikwazo dhidi ya Iran vikaifanya PSA iache kupeleka vipuri vya kuunganishia magari kwa Iran Khodro, kampuni ya magari ya huko. Kwa idadi ya magari, Iran ilikuwa soko lake la pili baada ya Ufaransa. Mwezi Februari mwaka huohuo ikafunga ushirika na General Motors (GM) ya Marekani, ikatoa hisa mpya za euro bilioni 1, na GM ikachukua asilimia 7. Fedha hizo hazikukaa, maana kampuni ilikuwa ikichoma takriban euro milioni 200 kila mwezi.

Ikaanza kuuza vya nyumbani. Jengo la makao makuu, avenue de la Grande Armée mjini Paris, liliuzwa kwa euro milioni 245.5. Asilimia 75 ya Gefco, kampuni yake ya uchukuzi, ikaenda kwa Shirika la Reli la Urusi kwa milioni 800. Kilichotisha zaidi, kwa maoni yetu, hakikuwa kiwanda bali benki. Banque PSA Finance ndiyo iliyowakopesha wauzaji na wateja wa magari. Kampuni mama iliposhushwa daraja la ukopaji, benki nayo ikawa inakopa kwa riba ya juu kuliko washindani wake, na mteja anayenunua kwa mkopo huenda kwenye riba nafuu. Mwezi Oktoba 2012 serikali ikaiwekea benki hiyo dhamana ya hadi euro bilioni 7. Hesabu za mwaka huo zilionyesha hasara ya bilioni 5. Sehemu kubwa ilikuwa ya vitabuni, yaani kukiri kwamba mitambo na viwanda havina tena thamani iliyoandikwa. Zile milioni 200 za kila mwezi zilikuwa fedha halisi. Kiwanda cha Aulnay-sous-Bois, karibu na Paris, kilitoa gari lake la mwisho, Citroën C3, mwezi Oktoba 2013.

Mwaka 2014 ukaja mtaji wa euro bilioni 3. Dongfeng ilitia milioni 800, serikali ya Ufaransa milioni 800, sehemu ya fedha hizo kwa euro 7.50 kwa hisa, bei ya chini sana kuliko ya sokoni wakati huo. Sehemu iliyobaki ilitoka kwa wanahisa waliokuwapo na sokoni. Ukoo uligawanyika hadharani. Thierry Peugeot, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya usimamizi, alitaka hisa ziuzwe sokoni bila kumwingiza mgeni mkubwa. Binamu yake Robert, aliyeongoza FFP (ndiyo Peugeot Invest ya leo), aliunga mkono Dongfeng na serikali. Upande wa Robert ulishinda, Thierry akaacha kiti, akaingia Louis Gallois ambaye si wa ukoo. Kutoka hapo ukoo, serikali na Dongfeng wakawa sawa, kama asilimia 14 kila mmoja.

Wapo wanaosema Thierry alikuwa sahihi kwa sababu hisa zilipanda baadaye. Hoja hiyo inasahau kwamba zilipanda baada ya fedha kuingia na baada ya Carlos Tavares, mkurugenzi mkuu mpya, kupunguza aina za magari na kuacha kuuza kwa punguzo. Kampuni ilirudi kwenye faida mwaka 2015.

Kununua Citroën ndiko kulikowafilisi? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Citroën ilikuwa biashara nzuri. Iliyowaumiza ni Talbot, na watu huzichanganya kwa sababu zilifuatana.

Citroën ilikuwa mikononi mwa Michelin, imejimaliza kwa matumizi: aina mpya za GS, SM na CX kwa mfululizo, pamoja na mradi wa injini ya Wankel, ya rota badala ya pistoni, inayokunywa mafuta, kisha bei ya mafuta ikapaa mwaka 1973. Peugeot ilichukua asilimia 38.2 mwezi Desemba 1974, ikafika karibu 90 mwaka 1976. Malori ya Berliet, yaliyokuwa ya Citroën, yakapelekwa Renault. Dawa ilikuwa kuacha chapa zibaki mbili kwa mteja huku ndani zikishirikiana: Citroën LN ya 1976 ilikuwa bodi ya Peugeot 104 yenye injini ya Citroën ya silinda mbili.

Mafanikio hayo yaliwapa ujasiri uliopita kiasi. Mwaka 1978 wakanunua tawi lote la Chrysler Ulaya: Poissy ya Ufaransa, Ryton ya Uingereza, Linwood ya Uskoti na kiwanda cha Hispania, pamoja na madeni yake. Chrysler ikapewa asilimia 15 ya PSA. Wakayaita magari hayo Talbot. Mwaka uliofuata mafuta yakapanda tena. Ghafla kampuni ilikuwa na injini za aina tatu, wauzaji wa mitandao mitatu wakigombea mteja mmoja, na magari yaliyochakaa kimuundo. Linwood ilifungwa 1981, Poissy ikagoma mwishoni mwa 1983, na kampuni ikapata hasara kutoka 1980 hadi 1984.

Iliyowatoa shimoni ni Peugeot 205 ya 1983: nyepesi, ya bei ya kati, yenye dizeli isiyonywa. Ziliundwa zaidi ya milioni 5. Gari lililokuwa litoke kwa jina la Talbot Arizona likabatizwa Peugeot 309 mwaka 1985, na Talbot ikafa polepole.

Ni kweli walianza na visaga pilipili? (Msomaji, Nairobi)

Walianza na chuma. Mwaka 1810 ndugu wawili walikigeuza kinu cha nafaka cha familia, upande wa Montbéliard, mashariki mwa Ufaransa, kuwa karakana ya chuma. Zikafuata misumeno, visaga kahawa 1840, visaga pilipili 1874, baiskeli 1882. Simba wa nembo alisajiliwa 1858, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusifu meno ya msumeno. Armand Peugeot ndiye aliyetaka magari. Binamu zake hawakutaka, kwa hiyo mwaka 1896 alianzisha kampuni yake peke yake. Walirudiana 1910. Ugomvi wa 2014 haukuwa wa kwanza.

Kwa nini 404 na 504 zilipendwa sana huku kwetu? (Wasomaji wawili, Moshi na Nakuru)

Safari Rally iliuza magari hayo kuliko tangazo lolote. 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi Tanzania. 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza. 504 ikashinda 1975 na 1978. Springi ndefu na laini, bodi iliyoinuka, injini ya kawaida ambayo fundi wa njiani anaielewa. Kwa kampuni, faida ilikuwa ya aina yake: gharama za kubuni gari na za mashine za kulitengeneza zilikwisha kulipwa Ulaya, na 504 ikaendelea kuunganishwa Mombasa na Kaduna, Nigeria, miaka mingi baada ya Ulaya kuiacha.

GM ilishindwa na Opel miaka karibu ishirini. PSA iliifanyaje ipate faida kwa mwaka mmoja na kitu? (Msomaji, Kigali)

GM haikupata faida ya mwaka mzima Ulaya baada ya 1999, na hasara zake zilikadiriwa kufikia dola bilioni 20. PSA ilikubali kulipa jumla ya euro bilioni 2.2, tawi la mikopo likiwemo (kwa ubia na BNP Paribas), na kukabidhiwa Opel mwezi Agosti 2017. Mwaka 2018 Opel na Vauxhall, chapa yake dada ya Uingereza, zilitoa faida ya uendeshaji ya euro milioni 859.

Hapakuwa na uganga. Opel ilikuwa ikijenga magari yake juu ya misingi ya GM, kwa hiyo kila gari lilikuwa na vipuri ambavyo hakuna mwenzake Ulaya anayevitumia. Corsa mpya ilikuwa imekaribia kukamilika kwa msingi wa GM. PSA iliutupa mradi huo, ikaianza upya juu ya msingi wa Peugeot 208, ikatoka 2019. Hapo taa, breki, nyaya na giaboksi vinaagizwa pamoja kwa mamilioni. La pili ni mauzo: Opel ilikuwa ikijipandishia takwimu kwa kuyamwaga magari kwa kampuni za kukodisha na kwa wauzaji waliojisajilia wenyewe, kisha yakarudi sokoni miezi michache baadaye kama mitumba mipya na kuua bei ya yale mapya. PSA ilikata mauzo hayo. Idadi ikashuka, faida ikapanda.

Dawa hiyohiyo, kata gharama na usishushe bei, ilipelekwa Marekani baada ya 2021. Huko ikageuka sumu; tazama jibu linalofuata.

Nataka hisa chache za muda mrefu. Ninunue Stellantis au Peugeot Invest? (Msomaji, Muscat)

Hatuwezi kukuchagulia, lakini tunaweza kukuonyesha unachonunua.

Stellantis ilipata faida halisi ya euro bilioni 18.6 mwaka 2023, bilioni 5.5 mwaka 2024, kisha hasara ya bilioni 2.3 katika nusu ya kwanza ya 2025. Chanzo kikubwa kilikuwa Marekani. Kiwanda huandika mauzo pale gari linapokwenda kwa muuzaji, si linapofika kwa mteja. Bei za Jeep na Ram, chapa zake za huko, zilipandishwa mno, wateja wakasita, lakini vitabu viliendelea kupendeza huku magari zaidi ya 400,000 yakirundikana kwenye viwanja vya wauzaji katikati ya 2024. Muuzaji hulipa riba kwa kila siku gari linapokaa uwanjani. Alipokataa kuchukua zaidi, kiwanda kililazimika kusimamisha uzalishaji na kutoa punguzo kwa wakati mmoja, na fedha zikatoka kwa kasi: upungufu wa euro bilioni 6 mwaka 2024. Tavares aliondoka tarehe 1 Desemba mwaka huo. Antonio Filosa alishika usukani Juni 2025. Ukisoma taarifa za kampuni yoyote ya magari, linganisha magari yaliyosafirishwa na yaliyouzwa kwa wateja kabla ya kutazama faida.

Sasa Peugeot Invest. Thamani yake inapigwa hivi: bei ya soko ya hisa zake zote za Stellantis na za kampuni nyingine, toa madeni, gawanya kwa idadi ya hisa zake zenyewe. Kisha linganisha na bei ya Peugeot Invest sokoni. Kwa kawaida utakuta bei iko chini ya thamani hiyo, kwa sababu mnunuzi hana kura ya maana (ukoo una asilimia 80), anachangia gharama za uendeshaji, na hawezi kulazimisha mali iuzwe. Ukinunua kwa pengo kubwa, tambua kwamba huenda ukauza pengo likiwa palepale.

Utegemezi wake kwa gawio la Stellantis ni mkubwa. Peugeot 1810 ina hisa takriban milioni 224. Gawio lililolipwa 2024 lilikuwa euro 1.55, sawa na milioni 347. Lililolipwa 2025 lilikuwa 0.68, sawa na milioni 152. Fedha za Peugeot Invest za nje ya magari hazikuwa salama pia: ilikuwa na hisa za Orpea, kampuni ya nyumba za wazee iliyoporomoka 2022, na za Signa, kampuni ya majengo ya Austria iliyofilisika 2023.

Kabla ya kuagiza, muulize dalali wako ada ya kubadilisha fedha na soko atakalotumia. Stellantis inauzwa Milan, Paris na New York. Gawio lake hukatwa kodi ya asilimia 15 Uholanzi.

Nimepewa bei nzuri ya Peugeot 208 iliyotumika, injini ya petroli ya 1.2. Nitazame nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Tazama mkanda wa taimingi. Katika injini za 1.2 za PureTech za miaka ya karibu 2012 hadi 2022 mkanda huo unazunguka ndani ya oili. Oili ikichanganyika na petroli isiyoungua, jambo la kawaida kwa gari la safari fupi za mjini, au ikiwa si ya aina iliyoidhinishwa, mpira unavimba, unapasuka na kumomonyoka. Vipande huziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, yaani beseni la oili chini ya injini; taa ya oili inawaka, na ukiendelea kuendesha injini inakwama. Vipande hivyo vinaweza pia kuziba njia ya pampu ya vakyumu, na kanyagio la breki likawa gumu.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kujazia oili: mkanda unaonekana kwa tochi. Ukiwa na nyufa mgongoni au kingo zilizonyofoka, usinunue. Kuna kipimo maalumu cha upana kinachoingizwa hapohapo; mkanda usioingia umevimba. Dai risiti za oili, si maneno. Awali kiwanda kilisema mkanda ubadilishwe kwa kilomita 180,000 au miaka 10, baadaye kikashusha hadi 100,000 au miaka 6. Kwa foleni za Dar tungefupisha zaidi. Ukiubadilisha, sampu lazima ishuke na chujio lisafishwe, vinginevyo mabaki ya mkanda wa zamani yatauziba mfumo ule ule.

Machi 2024 Stellantis iliongeza dhamana ya tatizo hili Ulaya hadi miaka 10 au kilomita 175,000, kwa sharti la rekodi kamili za huduma. Usilipie gari zaidi kwa kutegemea dhamana hiyo; muulize wakala kwa maandishi, ukitaja namba ya chesisi, kama inalihusu gari lililoingizwa nchini kama mtumba. Dizeli ya 1.6 ya kampuni hiyohiyo haina mkanda wa ndani ya oili.